Dawa ya Usingizi: Neno Moja na Mzigo Wake

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ya wilaya katika uwanda wa kati, mwandishi wa makala hii alikuwa ameketi katika benchi akimsubiri mama yake mkubwa aliyekwenda kupimwa macho. Mbele ya dirisha la dawa alisimama mzee mmoja na mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa hivi, mwenye kovu la moto mkononi. Mtoto alikuwa na kifafa. Muuguzi alimpa mzee vidonge vidogo vyeupe katika bahasha ya karatasi, akamwambia: "Babu, hii ni dawa ya usingizi. Mpe kimoja kila jioni, wala usiache." Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka.

Baada ya miezi miwili tulimrudisha mama kwa ajili ya miwani, tukawakuta tena. Safari hii mtoto alikuwa amefungwa bendeji mguu mzima. Alikuwa ameangukia mekoni. Muuguzi alipouliza kama dawa ilitumika, mzee alijibu kwa utulivu kabisa: "Mwanangu, huyu mtoto hana shida ya usingizi. Analala tangu jioni mpaka majogoo. Ile dawa nilimwachia bibi yake, maana yeye ndiye asiyelala."

Hakuna aliyesema uongo hapo. Vidonge vile vilikuwa fenobabitoni, na fenobabitoni ni mtoto halali wa ukoo wa dawa za usingizi. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1912 kwa jina la Luminal, na kazi yake iliyotangazwa ilikuwa kuwalaza watu. Mwaka huohuo daktari Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake wa kifafa ili watulie, akagundua kwamba mianguko yao nayo ilipungua. Tangu hapo dawa hiyo ina kazi mbili, na katika nchi zetu kazi ya pili ndiyo iliyobaki kubwa, kwa kuwa bei yake ni nafuu. Dakta Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge mnamo mwaka 1960, dawa hii ndiyo iliyokuwa silaha yake. Kazi ilibadilika, jina halikubadilika. Muuguzi alitaja jina la ukoo, mzee akasikia jina la kazi. Wala hakuna aliyemweleza kwamba dawa ya namna hii ikikatizwa ghafula huweza kuleta mianguko ya mfululizo, ambayo inaweza kuua.

Nia ya makala hii ni kulichunguza neno hilo, dawa ya usingizi, pamoja na jamaa zake, na kuuliza kama wafasiri, walimu na watumishi wa serikali tumelitendea haki. Hatuna nia ya kuwalaumu wauguzi. Muuguzi mwenye foleni ya watu sitini hana nafasi ya kutoa hotuba dirishani. Hutumia neno alilopewa. Lawama, kama ipo, ni ya sisi tuliompa neno moja kwa mambo mengi.

Tuyatazame mambo yenyewe. Mtu asiyepata usingizi usiku hupewa kidonge, na hiyo huitwa dawa ya usingizi. Mama anayepasuliwa tumbo hupewa dawa inayomwondolea fahamu zote, na ndugu zake nje ya mlango huambiwa kwamba "amepewa dawa ya usingizi". Kijana aliyeletwa akipiga kelele na kuvunja vitu hupigwa sindano, na kesho yake jirani husema, "Walimchoma dawa ya usingizi." Mtoto wa kifafa tumekwisha mtaja. Abiria aliyepewa biskuti na mgeni katika basi, akaamka Dodoma stendi bila mkoba wala viatu, naye magazeti huandika kwamba alipewa dawa ya usingizi. Hata kidonge cha mafua kinachomfanya mtu asinzie hupachikwa jina hilo.

Sasa, usingizi ni nini kwa Mswahili? Ni hali ambayo mtu huamshika. Ukimwita jina lake mara ya pili au ya tatu, ataitika. Lugha yetu ina ngazi nyingi katika jambo hili, nasi tumezisahau. Mtu husinzia, kichwa kikimwangukia kifuani. Hushikwa na lepe la usingizi. Huwa katika mang'amung'amu, hali ile ya kuwa si macho wala si usingizini, anasikia watu wakisema lakini hawezi kuwajibu sawasawa. Kisha hulala, na akizidi hulala fofofo. Kuzimia ni jambo jingine, na kupoteza fahamu ni jingine tena. Ugonjwa unaoletwa na mbung'o tuliuita malale, tukiuchukua kutoka katika kulala, na hapo wazee walikuwa makini: hawakuuita ugonjwa wa usingizi kana kwamba mgonjwa anafaidi. Lugha yenye utajiri huo haikustahili kuletewa neno moja la jumla.

Baadhi ya wafasiri, wakitafuta njia ya mkato, wameandika "dawa ya kulaza". Kwa kusikika ni tamko zuri. Lakini katika hospitali kitenzi hicho kimekwisha pata mwenyewe. Mgonjwa aliyelazwa ni yule aliyepewa kitanda wodini, hata kama hajafumba jicho kwa siku tatu. Ukiandika katika fomu kwamba mgonjwa "amelazwa kwa dawa", karani ataanza kutafuta namba ya kitanda. Zaidi ya hayo, kwa heshima ya wafu husemwa kwamba marehemu amelala. Neno linalobeba kitanda, usiku na kaburi kwa pamoja halifai kuongezewa mzigo wa nne.

Nusukaputi

Na hapa twamfikia shujaa wa makala hii. Nusukaputi ni miongoni mwa istilahi bora zilizopata kuundwa na Waswahili bila kamati yoyote kuketi. Dawa ya kuwatia wagonjwa wa kupasuliwa ilionyeshwa hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846, ikiwa ni mvuke wa etha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Novemba, James Young Simpson wa Edinburgh akatangaza klorofomu. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walikwenda kwa Wayunani kuazima jina, wakapata neno lenye maana ya kutohisi. Huku kwetu dawa hiyo ilikuja na madaktari wa Kijerumani, na watu waliomwona mgonjwa akifunikwa pua kwa kitambaa, akidondoshewa matone, akalegea, kisha baadaye akarudi duniani akitapika, walilichukua neno la Wajerumani wenyewe la kitu kilichovunjika au kilichokwisha, kaputt, wakaliongezea nusu ya Kiarabu. Nusu-kufa. Mjerumani huyohuyo alituachia shule na hela, lakini katika hayo mawili tulipokea tu. Katika nusukaputi tuliunda.

(Msomaji asilichanganye neno hili na kabuti, lile koti zito la baridi. Nimewahi kusomewa insha ya mwanafunzi aliyeeleza kwamba zamani mgonjwa alifunikwa nusu ya kabuti usoni. Kwa ubunifu nilimpa alama moja.)

Kwa nini tunalisifu? Kwa sababu linasema kweli kuhusu hatari. Aliyetiwa nusukaputi haamshwi hata kwa kisu, na ndiyo maana ametiwa. Pumzi yake na mapigo ya moyo wake viko mikononi mwa mtu mwingine mpaka atakaporudi. Klorofomu yenyewe iliachwa kwa sababu iliweza kuusimamisha moyo na kuharibu ini, na etha ilishika moto kwa urahisi. Ndugu wa mgonjwa anayetia kidole gumba katika fomu ya ridhaa akiambiwa "tutampa dawa ya usingizi", ameambiwa nusu ya habari. Akiambiwa "tutamtia nusukaputi", ataketi kitako na kuuliza maswali. Kuna wanaosema kwamba kwa sababu hiyohiyo neno hili linatisha, na kwamba lisitumike mbele ya wagonjwa. Hoja hii tumeisikia mara nyingi na hatukubaliani nayo hata kidogo. Ridhaa ya mtu asiyetishika na jambo la kutisha si ridhaa.

Neno hili lina faida nyingine, inayoonekana zaidi siku hizi. Katika hospitali nyingi za wilaya upasuaji hufanywa kwa ketamini, dawa iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962 na kuruhusiwa huko mwaka 1970, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inapendwa kwa kuwa haihitaji mashine kubwa na haizuii sana pumzi. Lakini mgonjwa wa ketamini aghalabu hukaa macho wazi, mboni zikichezacheza, na akizinduka huweza kusimulia njozi za ajabu. Mwambie mama mtu kwamba binti yake "amelala", kisha amchungulie na kuona macho hayo: atasema mmemwongopea, au binti amekumbwa na mashetani. Huo si usingizi. Nusukaputi, kwa kuwa haikutaja usingizi tangu mwanzo, inaichukua ketamini bila taabu.

Kuhusu kutia ganzi hatuna ugomvi. Mtoto wa Dodoma aliyekula ukwaju mbichi mpaka meno yakaingia ganzi anajua tayari kila anachotakiwa kujua kuhusu sindano ya jino. Mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alitia ganzi jicho kwa kokeini, na tangu August Bier mwaka 1898 ganzi imekuwa ikiingizwa hata katika uti wa mgongo. Kina mama wengi waliojifungua kwa upasuaji huieleza wenyewe kwa ufasaha, "nilichomwa ganzi ya mgongo". Hapo hakuna kazi ya kamati.

Kutuliza nini?

Penye taabu ni katika kutuliza. Hili ndilo neno ambalo wafasiri wengi hulikimbilia wanapokutana na dawa zinazopunguza fadhaa bila kumlaza mtu. "Dawa ya kutuliza", wanaandika, na kuweka nukta. Lakini kutuliza ni kitenzi chenye njaa, hutaka yambwa. Mwananchi humwekea ile aijuayo, nayo ni maumivu, kwa kuwa "dawa ya kutuliza maumivu" imekwisha enea mpaka katika maduka ya vijijini. Hivyo mtu mwenye hofu iliyopita kiasi hupewa diazepamu, akaambiwa ni dawa ya kutuliza, naye huiweka kando mpaka siku kichwa kitakapomuuma. Mwingine humpa mkewe mwenye uchungu wa tumbo.

Diazepamu ina historia inayostahili kusomwa na kila mwenye kuunda istilahi. Mwaka 1903 iliingia sokoni dawa iitwayo Veronal, ya kwanza ya jamii ya babituriti, iliyobuniwa na Emil Fischer na Joseph von Mering. Ilifuatwa na nyingi, na kwa nusu karne ndizo zilizowalaza watu wa Ulaya na Marekani. Lakini tofauti ya kipimo kinacholaza na kipimo kinachoua ilikuwa ndogo mno, hasa zikichanganywa na pombe. Ndipo Leo Sternbach, mkemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, alipopata dawa za aina nyingine: Librium mwaka 1960, na Valium, yaani diazepamu, mwaka 1963. Zilisifiwa kwa upole wake. Katika miaka ya 1970 Valium ilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi na madaktari wa nchi za Magharibi. Baadaye ikabainika kwamba mwili huzizoea, na mwenye kuzizoea akiziacha ghafula hutetemeka, hukosa usingizi kuliko mwanzo, na hata huanguka kama mwenye kifafa. Siku hizi madaktari hushauriwa wasizitoe kwa wasiwasi au kukosa usingizi ila kwa majuma machache.

Mfano mbaya zaidi wa neno la upole ni ule wa thalidomaidi. Iliuzwa Ujerumani Magharibi tangu mwaka 1957, ikitangazwa kuwa dawa ya kutuliza isiyo na madhara, inayofaa hata kwa wajawazito wanaosumbuliwa na kichefuchefu. Iliondolewa mwishoni mwa mwaka 1961, baada ya watoto wapatao 10,000 duniani kuzaliwa na viungo vilivyopungua. Sifemi kwamba neno ndilo lililowaumiza watoto hao. Nasema kwamba katika jambo hili la kulala na kutulia, maneno yenyewe huwa yanabembeleza, na msomaji hulegeza ulinzi wake kabla hajafika katika maandishi madogo.

Basi tutuliza nini? Wapo waliopendekeza "dawa ya kuliwaza". Kuliwaza ni kazi ya watu msibani, wala haimezwi kwa maji. Wapo wanaounda vitu kama "kituliza" na "kitulizi", na kwa sarufi hawakukosea; lakini vinasikika kama vifaa vya fundi bomba, na tena vinaliacha swali la yambwa palepale. Sisi tunapendelea kulifufua neno wahaka. Wahaka ni ile hali ya moyo kutotulia, mtu akiwa na hofu na haraka asiyoijua sababu yake. Neno liko, ni fupi, linaeleweka pwani, na bara litajifunzwa kama yalivyojifunzwa mengine. "Dawa ya wahaka" inamwambia mtu ugonjwa wake, na mwenye maumivu ya kichwa hataigusa. Na kwa ile hali ya mgonjwa anayepewa dawa kidogo ili avumilie kipimo kigumu, akiwa anasikia na kuitika lakini hajali, tunathubutu kupendekeza "kutiwa mang'amung'amu". Wenzetu madaktari wawili tuliowasomea pendekezo hili walicheka. Lakini mmoja wao, alipomaliza kucheka, alilitumia katika sentensi iliyofuata bila kujijua.

Kasumba, mihadarati na kulevya

Baadhi ya maneno yetu ya jamii hii yamehama nyumba. Kasumba ni la kwanza. Asili yake ni afyuni, utomvu mkavu wa mpopi, dawa kongwe ya kulaza na kuondoa maumivu. Ibn Sina aliijua vizuri karne kumi zilizopita, na kutoka katika afyuni Friedrich Sertürner alipata mofini mwanzoni mwa karne ya 19, akaipa jina la Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani. Lakini baada ya Uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, tuliihamisha kasumba kutoka katika kiko na kuipeleka katika siasa: kasumba ya kikoloni, kasumba ya kudharau kazi ya mikono. Ilikuwa sitiari kali, kwani ilimwonyesha mtu aliyelazwa akili huku akijiona yu macho. Sitiari ilifanikiwa mno hata ikammeza mzazi wake. Muulize mwanafunzi wa sekondari leo maana ya kasumba, atakwambia ni mawazo mabaya yaliyozoeleka. Mfasiri wa maandishi ya tiba asijaribu kulirudisha. Atumie afyuni, na mwalimu wa fasihi awaeleze wanafunzi wake kasumba ilikotoka, maana bila hivyo nusu ya ukali wake inapotea.

Bangi nayo ina kisa. Kwetu ilikuja kutoka Bara Hindi ikiwa jina la mmea wa kuvuta. Waarabu walipolipokea neno la ukoo huohuo, banj, walilitumia kwa mimea ya kulevya na kulaza, na mpaka leo Mwarabu aliyekwenda kung'olewa jino hutumia neno hilohilo kwa sindano ya ganzi. Neno moja, njia mbili: moja ikaishia kwa daktari, nyingine mahakamani.

Mihadarati, ambalo wenzetu wa Kenya wanalipenda, limetoka pia kwa Waarabu, nalo msingi wake ni ganzi: mukhaddirat ni vitu vinavyotia ganzi. Neno la Kiyunani ambalo Wazungu wameliazima kwa jambo hilohilo nalo maana yake ni ganzi. Hivyo Mwarabu na Myunani walimtazama mvuta afyuni wakaona mtu aliyekufa ganzi. Mswahili wa Tanzania alimtazama mtu huyohuyo akaona mlevi, akasema dawa za kulevya. (Wakenya wengine wamekwisha iona mi- ya mwanzo kuwa ni kiambishi cha wingi, wakaunda mhadarati mmoja, kama babu zetu walivyofanya kwa kitabu na vitabu. Sarufi ina nguvu kuliko asili ya neno.) Kila taifa lina haki ya kutazama kutoka dirisha lake. Lakini dirisha letu lina kasoro moja: ulevi kwetu ni kosa la tabia. Mlevi hulaumiwa, hapewi matibabu.

Kasoro hii imedhihirika tangu ilipoanza tiba ya methadoni. Tiba hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011 kwa watumiaji wa heroini, na baadaye ikafika Dodoma, katika kituo cha Itega. Mgonjwa hunywa kipimo chake kila siku mbele ya mhudumu. Methadoni ni ya ukoo wa afyuni. Humkinga mgonjwa na yale mateso ya kuacha, ambayo vijana wa mitaani wameyapatia jina lao, arosto. Sasa mzazi anayesikia kwamba mwanawe anatibiwa kwa dawa iliyomo katika kundi la dawa za kulevya husema, na kwa mantiki ya lugha yupo sahihi, kwamba serikali inamlevya mwanawe bure. Nimewasikia watu wenye elimu wakisema hivyo. Ajabu ni kwamba arosto, neno lililozaliwa vijiweni, linaeleza jambo ambalo istilahi zetu rasmi huhitaji mstari mzima kulieleza. Tunapendekeza lipokewe.

Mirembe

Haifai kuandika juu ya jambo hili kutoka uwanda wa kati bila kulitaja jina hilo. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ilifunguliwa mwaka 1927, wakati wa Waingereza. Kabla yake wamisionari wa Kijerumani walikuwa na nyumba yao ya wagonjwa wa aina hiyo kule Lutindi, Usambara. Nchi nzima huijua kwa jina la Mirembe. Katika Kiganda neno mirembe maana yake ni amani, lakini katika vinywa vya Watanzania limekuwa tusi: "huyu wa kupelekwa Mirembe".

Dawa za hospitali za namna hiyo, katika miaka ile ya mwanzo, popote duniani, zilikuwa ni za kulaza tu. Kulikuwa na bromaidi, kulikuwa na klorali, iliyoanza kutumiwa kwa usingizi na Oscar Liebreich mwaka 1869, na kulikuwa na paraldehaidi, ambayo harufu yake ilimtoka mgonjwa kinywani ikajaa wodi. Hakuna iliyotibu. Mgonjwa alilala, akaamka na maradhi yake yaleyale. Mtu wa kipindi hicho aliyesema "wanawapa dawa ya usingizi" alisema ukweli mtupu.

Mambo yalibadilika mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipowapa wagonjwa wao wa Paris klopromazini. Wagonjwa walitulia, naam, lakini zaidi ya hapo sauti walizozisikia zilipungua, na mawazo yao yakaanza kushikana. Hili ni jambo la aina nyingine kabisa. Dawa hizo na zilizozifuata, pamoja na zile za sindano inayodumu wiki kadhaa, zinawawezesha watu wengi kukaa nyumbani na kulima mashamba yao ya uwele na zabibu. Lugha, hata hivyo, ilibaki mwaka 1927. Jirani bado anasema dawa ya usingizi. Na mgonjwa, akijiona halali tena mchana, huhitimisha kwamba dawa imekwisha nguvu au yeye amepona, akaiacha. Sheria yetu ya mwaka 2008 imesogeza mbele kwa kuitwa ya Afya ya Akili, baada ya ile ya zamani iliyotaja maradhi. Dirishani pa dawa bado hatujasogea. Dawa hizi ziitwe dawa za maradhi ya akili, na kusinzia kutajwe kuwa ni tabia yake ya pembeni.

Msomaji atakuwa amekwisha tambua kanuni tunayoitetea: dawa iitwe kwa maradhi inayoyakabili, isiitwe kwa kile anachokiona mtazamaji. Kanuni hii haikamiliki. Nusukaputi haitibu maradhi yoyote, na tumeisifu kurasa mbili. Tena dawa moja huweza kukabili maradhi mawili. Diazepamu ileile ya wahaka huingizwa mwilini haraka kuzuia degedege. Kwa hiyo muuguzi atalazimika kutumia jina tofauti kwa wagonjwa tofauti, na mtunza stoo atanung'unika. Anunung'unike. Stoo ina majina ya kisayansi ya kumtosha.

Kwa watumishi wa serikali jambo hili si la hospitali peke yake. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria, na kazi ya kutafsiri sheria za nchi imewaangukia watu wengi ambao hawakuzoea dawa. Sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya inahusu pia dawa zinazobadili hali ya akili, ambazo nyingine zake ni halali kabisa zikitoka kwa daktari, diazepamu na fenobabitoni zikiwemo katika mikataba ya kimataifa ya udhibiti. Anayeandika tangazo la wilaya kwamba "kukutwa na dawa za kulevya ni kosa" na kuishia hapo, amemtia hofu mama mwenye vidonge vya mwanawe katika pochi. Aandike "bila idhini ya daktari". Ni maneno manne. Na tafadhali aandike dawa, wala si madawa. Nomino hii haibadiliki katika wingi, na wanaodai kwamba ma- huonyesha ubaya wa kitu waeleze kwa nini basi hatusemi masumu.

Kwa abiria wa biskuti tunashauri tuseme kwamba alipumbazwa. Kupumbaza ni kitenzi kizuri, kinachomtaja mtendaji wa uovu, na kinamwacha usingizi nje ya kesi. Wakenya huiita dawa ya wezi wa baa mchele, na hilo tunawaachia wenyewe.

Turudi kwenye bahasha. Yule mzee, na wengi wa uwanda huu wanaosema Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe nyumbani, Kiswahili ndicho kinachomuunganisha na dirisha la dawa, na hana kingine cha kukisahihishia. Tumejaribu kuandika maneno ambayo yangefaa kuandikwa juu ya bahasha ile: "Dawa ya kifafa. Ni ya mtoto huyu tu. Huweza kuleta usingizi. Apewe kila jioni hata kama haanguki. Isiachwe mpaka daktari aseme." Bahasha zile zina upana wa vidole vinne. Tulichukua moja tukaandika kwa kalamu ya wino, kwa herufi za kawaida, na maneno yote yalienea, ikabaki nafasi ya jina la mtoto.